Karsten Solheim: Fundi viatu aliyezifikisha mamlaka za gofu mahakamani

Karsten Solheim alifariki dunia mjini Phoenix, katika jimbo la Arizona nchini Marekani, tarehe 16 Februari mwaka 2000, akiwa na umri wa miaka 88. Wengi walidhani kwamba ugomvi aliokuwa nao na wakuu wa mchezo wa gofu umezikwa pamoja naye. Haikuwa hivyo. Miaka kumi baadaye, fimbo zilizotengenezwa na kiwanda chake katika miaka ya themanini ziliwagonganisha wachezaji wa kulipwa wa Marekani, hata mmoja wao akamtuhumu hadharani mwenzake mashuhuri kuwa anadanganya, ilhali fimbo yenyewe ilikuwa halali kwa mujibu wa sheria za mchezo.

Inawezekanaje fimbo kuukuu, yenye umri wa zaidi ya miaka ishirini, iruhusiwe katika mashindano ambamo fimbo mpya za aina hiyo hiyo zimepigwa marufuku? Jawabu limo katika maisha ya mhandisi huyu mkaidi, na katika tofauti ya kipimo inayokaribia unene wa unywele mmoja wa kichwani.

Mwana wa mhamiaji

Solheim alizaliwa tarehe 15 Septemba 1911 huko Bergen, mji wa bandari ulio magharibi mwa Norway. Alikuwa na umri wa miaka miwili tu wazazi wake walipovuka bahari na kuhamia Marekani. Walilowea Seattle, mji wa pwani ya Pasifiki ambao tayari ulikuwa na watu wengi wa asili ya Skandinavia. Baba yake alikuwa fundi viatu, na kijana Karsten akakulia katika harufu ya ngozi na gundi, akijifunza kazi hiyo kwa kutazama na kusaidia. Wale wasomaji wetu waliolelewa ughaibuni na wazazi wenye kazi za mikono wanaifahamu vyema hali hiyo: mtoto anaijua kazi ya baba kabla hajaamua kama anaipenda.

Yeye alitaka uhandisi. Baada ya kumaliza masomo ya sekondari mwaka 1931 aliingia Chuo Kikuu cha Washington kusomea uhandisi wa mitambo. Lakini hiyo ilikuwa miaka ya mdororo mkubwa wa uchumi. Fedha zikamwishia, na baada ya mwaka mmoja alirudi kwenye benchi la fundi viatu. Shahada aliyoianza Seattle haikukamilika.

Mwaka 1936 alimwoa Louise Crozier, mwanamke ambaye mchango wake katika habari hii mara nyingi husahaulika. Walijaaliwa watoto wanne, wa kiume watatu na wa kike mmoja. Viatu vilipoacha kulisha nyumba, Solheim alianza kuuza sufuria nyumba kwa nyumba, na inasemekana alikuwa muuzaji hodari sana. Vita Kuu ya Pili vilipozuka, nchi ilihitaji wahandisi kuliko wachuuzi wa sufuria. Alisoma kozi za uhandisi zilizotolewa na Chuo Kikuu cha California kwa watu wasio wanafunzi wa kudumu, kisha akaajiriwa na kampuni ya ndege ya Ryan huko San Diego, iliyokuwa ikitengeneza ndege ya kivita iliyoitwa Fireball. Baada ya vita alifanya kazi katika kampuni ya Convair kwenye mradi wa makombora ya Atlas, na mwaka 1953 akahamia kampuni kubwa ya General Electric.

Mpaka hapo alikuwa hajacheza gofu hata siku moja.

Mzega na kipande cha chuma

Alikuwa na miaka 42, akiishi Ithaca katika jimbo la New York, pale wafanyakazi wenzake watatu walipokosa mtu wa nne wa kucheza naye na kumshawishi aende nao. Aliupenda mchezo mara moja, isipokuwa sehemu moja iliyomuudhi mno. Mpira ukishafika karibu na shimo, katika kile kiwanja kidogo cha nyasi zilizokatwa fupi kiitwacho grini, kinachobaki ni kuusukuma taratibu hadi utumbukie. Fimbo yake ya kusukumia haikumtii. Mpira ulikwenda kulia alipotaka uende mbele, ukaishia njiani alipotaka ufike.

Mchezaji wa kawaida angejilaumu. Solheim aliilaumu fimbo, na kwa kuwa alikuwa mhandisi aliketi kuichunguza. Fimbo za kusukumia za wakati huo zilikuwa kipande chembamba cha chuma ambacho uzito wake ulikusanyika katikati. Mpira ukiguswa kando kidogo ya kitovu hicho, kichwa cha fimbo kilizunguka mkononi na mpira ukapotea njia.

Dawa aliyoigundua haiwezi kumshangaza mtu yeyote aliyewahi kumwona mchukuzi wa maji akibeba mzega. Ndoo mbili zikining'inia kwenye ncha za mti, mchukuzi hawezi kugeuka kwa ghafla. Mzigo ulio mbali na bega unaukataa mzunguko. Weka ndoo zote mbili kifuani pake, uzito ni ule ule, lakini sasa atageuka kama pia. Solheim aliuondoa uzito katikati ya kichwa cha fimbo na kuusogeza kwenye ncha mbili, ya kisigino na ya kidole. Inasimuliwa kwamba mfano wa kwanza kabisa aliutengeneza kwa vipande vya sukari vilivyogandishwa kwenye vijiti vya aisikrimu.

Mwaka 1959, akiwa amehamishiwa California, alitengeneza fimbo yake ya kwanza ya kuuza ndani ya gereji ya nyumba yake. Kwa sababu ya namna ilivyochongwa, fimbo hiyo ilitoa mlio mkali kila ilipougusa mpira. Mlio huo ulikuwa kama ping, na ping likawa jina lake. Hadi leo kampuni yake inajulikana ulimwenguni kwa jina hilo.

Wachezaji wa kulipwa hawakuipokea kwa heshima. Iliwachekesha kwa sura na kwa sauti. Solheim hakujali. Alikuwa akienda kwenye viwanja vya mazoezi wakati wa mashindano, akisimama pembeni na ndevu zake za kidevuni ambazo baadaye zilikuja kuwa kama nembo, akimsihi kila aliyepita aijaribu walau mara tatu. Jioni na mwishoni mwa wiki familia nzima ilikuwa kazini: watoto wakichonga na kupiga msasa, Louise akiandika barua na kuhesabu fedha. Mwaka 1961 General Electric ilimhamishia Phoenix, na gereji ikahama naye.

Mwaka uliofuata, 1962, mchezaji John Barnum alishinda mashindano ya Cajun Classic akiwa na fimbo ya Ping, na huo ukawa ushindi wa kwanza wa fimbo hiyo katika mashindano makubwa ya kulipwa ya Marekani. Barnum alikuwa na miaka 51. Huenda mtu wa umri huo haoni haya tena kushika kifaa kinachochekwa na vijana.

Mnamo Januari 1966 Solheim alipata wazo jipya na, kwa kukosa karatasi, akalichora kwenye bahasha ya sahani ya santuri. Louise alipendekeza fimbo hiyo iitwe kwa neno la Kiingereza lenye maana ya jibu. Jina lilikuwa refu mno kuandikwa kwenye chuma, naye akashauri herufi moja iondolewe. Ndivyo ilivyozaliwa fimbo ya Anser, ambayo umbo lake limeigwa na karibu kila mtengenezaji tangu wakati huo. Mwaka 1967, akiwa na umri ambao wenzake walikuwa wakihesabu miaka iliyobaki kabla ya kustaafu, Solheim aliacha kazi ya mshahara na kujitosa moja kwa moja katika kiwanda chake. Mwaka 1969 George Archer alishinda mashindano ya Masters kwa fimbo ya Ping, na kicheko kikakoma.

Kutoka kufua hadi kusubu

Kilichofuata ndicho kilichomletea utajiri, na hatimaye mashitaka. Mbali na fimbo ya kusukumia, mfuko wa mchezaji huwa na fimbo za chuma za kupigia mpira kwa masafa mbalimbali. Kwa vizazi vingi vichwa vya fimbo hizo vilifuliwa, yaani chuma kilipigwa kikiwa moto hadi kikapata umbo. Solheim alichagua kusubu: kumimina madini yaliyoyeyuka katika kalibu. Kwa njia hiyo aliweza kuacha uwazi nyuma ya fimbo na kuusambaza uzito pembezoni, kwa kanuni ile ile ya mzega. Mchezaji wa kawaida, yule anayekosea mara nne kwa kila mara moja anayopatia, sasa alikuwa na fimbo iliyomsamehe.

Jambo jingine alilolifanya, na ambalo kwa maoni yangu halikupewa sifa linayostahili, lilikuwa kuwapima wateja. Watu si wa kimo kimoja, wala mikono yao si ya urefu mmoja. Katika miaka ya sabini kampuni yake ilianza kuweka alama za nukta za rangi kwenye fimbo, kila rangi ikiwakilisha pembe fulani ya kichwa na mpini, ili mtu mfupi asiuziwe fimbo ya mtu mrefu. Hapo ndipo unapomwona tena yule fundi viatu wa Seattle, ambaye hawezi kumpa mteja kiatu bila ya kwanza kuutazama mguu.

Mwaka 1982 ilitoka seti ya fimbo za chuma iliyoitwa Eye2. Ilikuwa na sura ya ajabu, lakini ilikuja kuwa miongoni mwa seti zilizouzwa kwa wingi zaidi katika historia ya mchezo huo. Na ndiyo iliyozusha vita.

Mifereji

Uso wa fimbo ya chuma una mifereji myembamba iliyolala sambamba. Kazi yake ni sawa na ile ya mifereji ya tairi la gari. Katika barabara kavu tairi lililokwisha linaweza kushika, lakini katika barabara yenye maji litateleza, kwa kuwa maji hayana pa kwenda. Mpira wa gofu ukiwa umelala katika nyasi ndefu, majani na unyevu wake huingia kati ya fimbo na mpira. Mifereji ikiwa mipana na yenye kingo kali huukamata mpira hata hivyo na kuuzungusha kwa nguvu kinyumenyume, nao ukianguka kwenye grini husimama. Mifereji ikiwa hafifu, mpira huruka kama jiwe lililorushwa juu ya maji na kutokomea upande wa pili.

Zamani sheria ilitaka mifereji iwe na umbo la herufi V. Lakini fimbo za kusubu zilipoenea, ilidhihirika kwamba kalibu haitoi kwa urahisi ncha kali ya V, na mwaka 1984 Chama cha Gofu cha Marekani, USGA, kikaruhusu mifereji yenye umbo la herufi U. Solheim akaitumia ruhusa hiyo katika Eye2. Wateja walilalamika kwamba kingo zake zinauchana mpira, kwani mipira bora ya wakati huo ilikuwa na ganda laini. Solheim akafanya jambo ambalo fundi yeyote muungwana angelifanya: akazilainisha kingo zile kwa kuzipinda kidogo.

Hapo ndipo mzozo ulipoanzia. Sheria ilisema nafasi kati ya mfereji na mfereji isipungue mara tatu ya upana wa mfereji. Je, upana wa mfereji wenye kingo zilizopindwa unapimwa kutoka wapi? Ni kama kupima mdomo wa mtungi: tuanzie ndani, shingoni, au nje, pale ukingo unapobinuka? Solheim alipima kutoka kwenye kuta za mfereji, na kwa hesabu yake fimbo zilikuwa halali. Mwaka 1987 USGA ilitangaza njia yake ya kupima, ambayo ilianzia pale ukingo unapoanza kupinda. Kwa njia hiyo mfereji uliongezeka upana na nafasi ikapungua. Fimbo za Eye2 zikaonekana kukiuka sheria kwa kiasi cha elfu tano za inchi, yaani kama sehemu moja ya kumi ya milimita.

Msomaji anaweza kuuliza kwa nini watu wazima wagombane kwa kiasi hicho. Kwa upande wa wakuu wa mchezo, hofu yao haikuwa ya bure. Mwaka huo huo wa 1987, katika mashindano ya Honda Classic, Mark Calcavecchia aliupiga mpira kutoka katika nyasi ndefu kwa fimbo ya Eye2, na mpira ule ukasimama kwenye grini kwa namna iliyowaacha wengi wakishika vichwa. Wachezaji wenye majina makubwa walilalamika kwamba adhabu ya kupiga mpira kombo imefutwa na kifaa. Miaka miwili baadaye Calcavecchia alishinda mashindano ya Uingereza ya The Open akiwa na fimbo hizo hizo.

Kwa upande wa Solheim, jambo lilikuwa zito zaidi ya biashara, ingawa biashara nayo ilikuwa kubwa. USGA ilitangaza kwamba fimbo hizo zingezuiwa katika mashindano yake kuanzia mwaka 1990, na kwa wachezaji wote kuanzia mwaka 1996. Maana yake ni kwamba umati wa watu waliokwisha kununua fimbo kwa nia njema wangeambiwa kwamba walichonacho mfukoni ni kifaa haramu, na kwamba mtengenezaji wao ni mvunja sheria. Aliyejua tabia ya mzee huyo, Mkristo mcha Mungu asiyekubali kuambiwa kwamba kipimo chake si sahihi, hakutarajia anyamaze.

Mahakamani

Mnamo Agosti 1989 aliishitaki USGA, akidai fidia ya dola milioni 100. Wakati huo alikuwa akielekea miaka 78.

Wakati huo huo alikuwa na mpinzani wa pili. PGA Tour, chombo kinachoendesha mashindano ya wachezaji wa kulipwa nchini Marekani, kilikuwa kimeamua mwaka 1989 kupiga marufuku mifereji yote ya umbo la U kuanzia tarehe 1 Januari 1990, bila ya kujali nafasi kati yake. Yaani kifaa ambacho USGA yenyewe ilikiruhusu mwaka 1984 sasa kingekatazwa na waendeshaji wa mashindano. Wachezaji kadhaa, akiwemo Bob Gilder, waliungana na kampuni ya Solheim kufungua kesi nyingine, wakidai kwamba uamuzi huo unavunja sheria za ushindani wa kibiashara. Mnamo Desemba 1989 mahakama ya shirikisho huko Arizona ilitoa amri ya kuzuia marufuku hayo yasitekelezwe mpaka kesi isikilizwe, na mwaka 1991 mahakama ya rufaa ikaiunga mkono amri hiyo.

Kesi dhidi ya USGA ilimalizika kwa suluhu tarehe 28 Januari 1990. Masharti yake yanafaa kuzingatiwa, kwani ndiyo mzizi wa yote yaliyotokea baadaye. Solheim alikubali kubadilisha mifereji ya fimbo atakazotengeneza kuanzia hapo, ili zilingane na kipimo cha USGA. Nayo USGA ilikubali kwamba fimbo zote za Eye2 zilizotengenezwa kabla ya tarehe 1 Aprili 1990 zihesabiwe kuwa halali, na ziendelee kuwa hivyo. Kila upande ulitoka na heshima yake: chama kilibaki na kipimo chake, na mzee akabaki na neno lake kwa wateja.

PGA Tour ilishikilia msimamo kwa miaka mitatu zaidi. Mnamo Aprili 1993 nayo ilifikia suluhu, ikaacha mpango wa kuizuia mifereji ya U, na ikakubali kwamba masuala ya vifaa yapitie kwanza katika kamati huru ya ushauri.

Ni nani aliyeshinda? Waandishi wengi wa Marekani walisema hakuna. Kwa mtazamo wangu, Solheim alikuwa na haki juu ya kipimo, kwa sababu huwezi kumhukumu mtu kwa rula ambayo haikuwepo siku alipokata kitambaa. Lakini wale waliohofia mustakabali wa mchezo nao hawakukosea, kama ilivyokuja kubainika.

Ushindi huo ulikuwa na gharama. Mabingwa wengine wa utengenezaji walikuwa wakibuni fimbo mpya huku mzee akikaa na mawakili. Hata hivyo, mwaka huo wa suluhu ya kwanza ndio uliozaa jambo ambalo huenda litadumu kuliko fimbo zake zote. Mnamo Novemba 1990, huko Lake Nona katika jimbo la Florida, wanawake wa kulipwa wa Marekani na wa Ulaya walipambana kwa mara ya kwanza kuwania Kombe la Solheim, lililoanzishwa kwa msaada wa familia yake. Wamarekani walishinda kwa pointi 11½ dhidi ya 4½. Wakati huo wanawake walikuwa wakipata sehemu ndogo sana ya fedha na ya muda wa televisheni katika mchezo huo; leo kombe hilo ni miongoni mwa matukio makubwa zaidi katika gofu ya wanawake.

Mwaka 1995 alimkabidhi mwanawe John uongozi wa kampuni. Maradhi ya Parkinson yalikuwa yameanza kumdhoofisha, mikono iliyochonga chuma kwa uangalifu ikawa haitulii tena. Mwaka 2001, mwaka mmoja baada ya kifo chake, jina lake liliingizwa katika Jumba la Mashujaa wa Gofu Duniani.

Fimbo kuukuu zaamka

Mnamo Agosti 2008 USGA pamoja na R&A ya St Andrews, Uskoti, ambazo kwa pamoja husimamia sheria za gofu duniani, zilitangaza kanuni mpya ya mifereji. Uchunguzi wao ulionyesha kwamba wachezaji wa kulipwa walikuwa wakipiga mpira kwa nguvu zote bila ya kujali unaangukia wapi, kwa kuwa hata ukiwa katika nyasi ndefu mifereji ya kisasa ingeutuliza. Kuanzia tarehe 1 Januari 2010, katika mashindano ya juu, ujazo wa mifereji ulipunguzwa na ukali wa kingo ukadhibitiwa. Wachezaji wa kawaida walihakikishiwa kwamba fimbo zao za zamani hazitaguswa kabla ya mwaka 2024.

Kanuni ilikuwa na tundu moja. Mkataba uliotiwa saini mwaka 1990 ulikuwa bado hai, na mkataba haufutwi kwa tangazo. Fimbo mpya kabisa ambazo mifereji yake haikutimiza kanuni hiyo zilikuwa marufuku katika mashindano hayo. Fimbo za Eye2 za kabla ya Aprili 1990, zilizokuwa zimelala katika mastoo zikishika vumbi, zilikuwa halali. Baadhi ya wachezaji walikwenda kuzitafuta. John Daly na Dean Wilson walizitumia mwanzoni mwa msimu, lakini kelele zilipanda pale Phil Mickelson, mmoja wa wachezaji wapendwao zaidi duniani, alipotokea katika uwanja wa Torrey Pines mjini San Diego mwishoni mwa Januari 2010 akiwa na fimbo moja ya Eye2 ya kunyanyulia mpira karibu na grini. Mickelson alikuwa amefungwa na mkataba wa kutumia vifaa vya Callaway, mshindani wa Ping; kwa hiyo hakuna aliyeweza kusema kwamba analipwa kuinadi fimbo hiyo.

Mchezaji mwenzake, Scott McCarron, alimtaja kuwa anadanganya. Katika gofu, mchezo ambao mchezaji hujihesabia mwenyewe makosa yake na kujitia adhabu bila ya refa kumwona, hakuna tuhuma kubwa kuliko hiyo. Mickelson alijibu kwamba fimbo yake imeidhinishwa na sheria, na hakuficha kwamba aliiona kanuni yenyewe kuwa imetungwa ovyo. Muda mfupi baadaye McCarron alimwomba radhi, na Mickelson akaiweka fimbo kando kwa hiari yake.

Mjadala ulioibuka ulikuwa mkubwa kuliko fimbo. Wapo walioshikilia kwamba sheria ina maandishi na ina roho, na kwamba Mickelson aliheshimu maandishi tu. Wengine waliuliza, kwa haki kabisa, kama kila mchezaji atabuni roho ya sheria kwa kadiri ya dhamiri yake, sheria iliandikwa ya nini? Mimi naelemea upande wa hao wa pili. Mtu aliyefuata kanuni kama ilivyoandikwa na wenye mamlaka hawezi kuitwa mdanganyifu. Wa kulaumiwa ni waliotunga kanuni wakijua kwamba mkataba wa 1990 upo, wakatumaini hakuna atakayeukumbuka.

PGA Tour ilikuwa imefungwa mikono. Haikuweza kuzizuia fimbo hizo bila ya ridhaa ya kampuni iliyoshinda haki hiyo, na ridhaa hiyo ilikuwa mikononi mwa John Solheim. Haukuwa uamuzi mwepesi kwa mwana. Baba yake alitumia miaka yake ya mwisho yenye nguvu, na fedha zisizo kidogo, kuipigania haki ile; kuiachia kungeweza kuonekana kama kukiri kwamba mzee alikosea. Na kila wiki ambayo nyota mmoja aliichukua Eye2, jina la Ping lilikuwa magazetini bila ya kulipiwa tangazo.

Mnamo Machi 2010 John Solheim alitangaza kwamba kampuni inaiachia haki hiyo kwa ajili ya mashindano ya wachezaji wa kulipwa, na PGA Tour ikaweka marufuku yaliyoanza kutekelezwa tarehe 29 Machi. Lakini hakuiachia yote. Ahadi ambayo baba yake aliitoa kwa wateja, yule mwalimu, yule daktari, yule mstaafu anayecheza na wenzake asubuhi ya Jumamosi, haikuguswa na uamuzi huo. Kwao hao fimbo ya Eye2 ya kabla ya Aprili 1990 ilibaki halali kama siku ilipotoka kwenye kalibu huko Phoenix.